"Hiki kiweke": Mzee ananigawia visu vyake, na wanawe wameanza kunitazama vibaya

BARUA

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi wa hapa Tanga. Nina miaka 43, ni seremala, nina mke na watoto watatu, na karakana yangu iko Ngamiani. Jina langu naomba ulifiche, maana wanaonijua ni wengi, na huyo nitakayemtaja anajulikana kuliko mimi.

Nina rafiki mwenye umri wa miaka 84. Hatuna udugu wa damu wala wa ndoa. Tulijuana miaka kumi na tisa iliyopita, nilipopanga chumba cha kufanyia kazi mbele ya nyumba yake. Alikuwa akikaa barazani akinitazama nikihangaika na patasi butu. Siku ya tatu akavuka barabara, akaichukua patasi mkononi mwangu bila hata salamu, akaondoka nayo. Baada ya Alasiri akairudisha inanyoa nywele za mkono. Akaniambia, "Fundi asiyejua kunoa ni mchukuzi wa mbao tu." Kuanzia hapo nikawa nakwenda kwake kila jioni na kinoo changu, na sijaacha.

Ujanani mzee alifanya kazi kwenye matishari. Wakati ule meli kubwa zilikuwa hazifiki gatini hapa kwetu, zilitia nanga nje na mizigo ikasombwa kwa matishari. Alianza mwaka 1959, na anapenda kuukumbuka mwaka 1964, nchi ilipotoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge na wao wakawa wanalala juu ya marobota kwa sababu kurudi nyumbani kulikuwa ni kupoteza muda. Huko melini alijuana na mabaharia wa kila taifa. Aliwapelekea madafu na machungwa ya Muheza, nao wakampa visu vya kukunja. Wengine walikusanya stempu, yeye alikusanya visu.

Viko vitano. Cha kwanza ni cha baharia wa Kiingereza, chuma cha Sheffield, bapa lake halina ncha, limekatwa butu mbele. Mgongoni kina msumari mnene unaokunjuka, wa kupenyeza kwenye nyuzi za kamba wakati wa kuiunga. Mzee ndiye aliyenieleza kwa nini hakina ncha: chombo kikiyumba, mtu asijichome wala asimchome mwenziwe. Cha pili ni Opinel cha Mfaransa, mpini wa mti, kina pete ya chuma ya kukaza bapa lisije likajifunga juu ya vidole, na chapa ya mkono wenye taji. Hicho ndicho alichokuwa akimenyea machungwa. Anaanza juu, analizungusha chungwa polepole, na ganda linashuka kama utepe mpaka mwisho bila kukatika. Cha tatu ni cha Mjerumani, mpini wa bati jeusi lenye paka anayeruka. Cha nne alikinunua dukani hapa hapa mjini, kisu cha Okapi cha zamani, wakati vinatoka Solingen, Ujerumani, kabla havijaanza kutengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake umepambwa mwezi na nyota. Nilisoma mahali kwamba visu hivyo vilianza kufuliwa mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani huku Afrika, na nilipomwambia mzee alifurahi siku nzima.

Cha tano ni kijembe kidogo, hakizidi kidole cha shahada, mpini wa mfupa uliogeuka rangi ya chai ya maziwa, na kwenye bapa limeandikwa jina la Rodgers wa Sheffield. Hiki hakikutoka kwa baharia. Kilikuwa cha baba yake, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, naye akikitumia kuchongea kalamu za matete ambazo watoto waliandikia kwenye ubao kwa wino wa masizi.

Ramadhani ya mwaka jana mzee akaanza kunigawia. Kila mara ilikuwa Ijumaa, tumetoka msikitini, tuko barazani na kahawa. Ananihadithia kisu kilikotoka, jina la meli, jina la baharia kama analikumbuka. Kisha anakiweka kiganjani mwangu na kuvifunga vidole vyangu kwa mkono wake. "Chukua, chako." Cha kwanza nilikikataa. Akakasirika, akasema, "Usinirudishe mkono." Basi nikapokea, na vingine vikafuata. Cha mwisho, kile kijembe, alinipa miezi minne iliyopita. Siku hiyo hakuhadithia kitu. Alikitoa mfukoni mwa kanzu, akakitazama kitambo, akasema, "Hiki kiweke." Nikakiweka.

Sasa Bi Mkubwa, mzee ameanza kusahau. Si kila siku. Kuna asubuhi anakutajia manahodha wote wa mwaka 1970, na kuna jioni anakuuliza mara tatu kama umekula. Mwezi uliopita niliingia kwake nikamkuta binti yake, ambaye ndiye anayemtunza, amepindua chumba kizima. Godoro chini, sanduku wazi. Mzee amekaa pembeni anatetemeka, anasema kijembe cha marehemu baba hakionekani, kimeibwa. Binti akaniuliza, "Kaka, wewe hujakiona?"

Nilinyamaza. Sikusema nimekiona, sikusema sijakiona. Nikajifanya naokota nguo. Kijembe kilikuwa kabatini kwangu, hatua sitini kutoka pale.

Wiki mbili baadaye kaka yao aliyeko Dar es Salaam akanipigia simu. Amesikia kwamba visu vya baba yake viko kwangu, sijui nani kamwambia. Akasema nimemvizia mzee wakati akili zinapungua, na kwamba huo ni urithi wao. Akaongeza kuwa vitu vya zamani siku hizi vina bei. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mpewa hapokonyeki, na kwamba kama angekuwa anakuja kumwona baba yake angepewa yeye. Tangu hapo hatujasemezana. Mke wangu anasema nivirudishe vyote, visu vya watu vitatukata.

Na kuna jambo jingine ambalo ni aibu kwa fundi kulisema. Sivitumii. Nimevifunga kwenye kipande cha kanga kabatini. Naogopa kuvichakaza, nataka viwe urithi wa mwanangu wa kiume, ambaye sasa ana miaka tisa. Kile cha Sheffield kimeanza kupata kutu nyekundu. Opinel bapa lake lilikuwa jeusi jeusi, nikaona ni uchafu, nikalipiga msasa mpaka likang'aa. Nilipomwonyesha mzee alikigeuza geuza mkononi, akanirudishia, hakusema neno. Siku nyingine akaniuliza, "Unavitumia?" Nikamwambia ndiyo.

Nirudishe kijembe au nisirudishe? Nikikirudisha sitakuwa nimemvunjia mzee heshima, au nimekiri wizi ambao sikuufanya? Na hivi vinne vingine nifanyeje? Hivi ndivyo vitu pekee vitakavyobaki kwangu vya rafiki niliyempenda.

Seremala, Ngamiani, Tanga


JIBU

Marahaba mwanangu. Na mzee wako mpe salamu zangu, mwambie kuna bibi mmoja asiyemjua amemsikia akimenya chungwa.

Barua yako niliisoma mara moja nikadhani imeandikwa na mtu aliyefiwa. Unasema "vitakavyobaki kwangu", unasema "rafiki niliyempenda". Nikarudi juu kuhakikisha. Mzee yu hai. Ana miaka 84, anakaa barazani hatua sitini kutoka kwako, na Ijumaa hii inayokuja, Mungu akipenda, atakunywa kahawa na wewe. Wewe umeanza kumlilia, kaka wa Dar ameanza kurithi, na mwenye visu bado anapumua. Nimeona nikuambie hili kabla ya yote, maana maswali yako karibu yote umeniuliza mimi, na yupo mtu mmoja anayeyajua majibu yake kuliko mimi, ingawa si kila saa.

Kama nimekuelewa, umebeba mizigo mitatu kichwani na umeifunga kamba moja. Upo mzigo wa kijembe cha baba yake, ambao kwa kweli ndio unaokunyima usingizi. Upo ugomvi na kaka, ambao ni wa maneno zaidi kuliko wa visu. Na upo ule wa kabatini, wa kutu na msasa na ule uongo mdogo wa "ndiyo". Nikiruhusiwa nitaifungua kamba, tutazame mzigo mmoja mmoja.

Nianze na kijembe. Umeandika vizuri, umenukuu maneno ya mzee bila kuyatengeneza, na nakushukuru kwa hilo. Kwenye vile vinne alisema, "Chukua, chako." Kwenye kijembe alisema, "Hiki kiweke." Mwanangu, wewe ni mtu wa Tanga, Kiswahili umenyonya nacho. "Chukua" na "kiweke" ni neno moja? Mtu akikuambia chukua, amekutoa wasiwasi, kitu ni chako. Akikuambia kiweke, huenda amekupa. Huenda vilevile amekukabidhi, kama tunavyompa amana mtu tunayemwamini kuliko sanduku. Mzee anayeona akili yake inaanza kupotea njia jioni, na ana kitu kimoja cha baba yake ambacho anaogopa atakiweka mahali asipopakumbuka, angekipeleka wapi? Kwa rafiki mwenye kabati na mkono usiotetemeka. Na vile vinne alivitolea hadithi ndefu, hiki hakukisemea kitu. Huenda siku ile alichoka. Huenda hadithi ya kijembe aliona si yako kuipokea, ni ya watu wa nyumbani kwake. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema umelichukua neno moja ukalipa maana moja, na lina mbili.

Ukilisoma kama amana, basi swali la "nirudishe au nisirudishe" linabadilika sura. Mwenye amana akiiulizia, aliyewekewa humtolea. Hakuna wizi wa kukiri hapo, wala heshima ya mtu haivunjiki.

Ila kunyamaza kwako mbele ya binti ni jambo jingine, na hapo sitakupitisha haraka. Naelewa ilivyokuwa. Ulishtuka, godoro liko chini, mzee anatetemeka, neno "kimeibwa" limeshatamkwa, na wewe ukaona ukifungua mdomo utakuwa ndiye. Wengi wetu tungeinama tukaokota nguo. Lakini mfikirie yule dada. Yeye ndiye anayemwogesha, anayempikia, anayeamka usiku. Tangu siku ile hajui kama baba yake ameibiwa, ameota, au amekitupa mwenyewe jaani. Pengine amemshuku kijana wa kazi, au jirani, au hata mwanawe. Kila siku unayonyamaza kuna mtu asiye na kosa anayetazamwa kwa jicho la pembeni. Ndiyo maana katika watu wote uliowataja, mimi ningemwogopea huyu kuliko kaka wa Dar mwenye sauti kubwa.

Ukiamua kumwendea, njia ziko kadhaa na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kumpelekea kijembe kimya kimya, ukamwambia "nimekipata". Itatuliza nyumba leo, lakini umeongeza uongo juu ya ukimya, na siku mzee akili zikimrudia asubuhi akasema "nilimpa fundi", utaumbuka mara mbili. Unaweza kukaa naye faraghani ukamweleza yote, pamoja na lile la kuokota nguo. Huenda akakasirika, tena ana haki. Lakini aliyekuita "kaka" katika saa ile ya taharuki hakuwa anakushtaki, alikuwa anakuomba msaada. Unaweza pia kungoja ukamuulize mzee kwanza, kisha ndipo umwendee binti na neno la baba yake mkononi. Hilo lina adabu yake. Mwiba wake ni kwamba unaweza kungoja asubuhi nzuri isiyokuja.

Kuhusu kumuuliza mzee: chagua asubuhi. Wazee wenye kusahau mara nyingi huwa wazi mapema mchana, na jua likishuka ndipo ukungu huingia. Usimhoji. Usimwambie "hukumbuki ulinipa?", maana neno hilo linamtia mtu hofu na kumtia uongoni, atasema anakumbuka ili asikuaibishe. Keti naye, kiweke kijembe mbele yake, na unyamaze umsikilize. Na kama kusahau huku kumekuja kwa kasi, katika wiki chache, mwambieni daktari. Maambukizi ya mkojo, dawa zinazogongana, hata kukosa maji ya kutosha mwilini, vinaweza kumvuruga mzee akili, na vinatibika.

Sasa kaka. Umemtupia methali, mpewa hapokonyeki, naye akakutupia neno urithi. Nyote wawili mmekimbilia maneno makubwa. Urithi hauwezi kuwepo mwenye mali akiwa hai. Mpaka hapo huna wa kukudai. Kwa upande wako, kwa kuwa ninyi ni Waislamu, hiba ina nguzo zake ambazo shehe wa msikiti wenu atakueleza kwa utulivu kuliko mimi: mtoaji awe na akili timamu na hiari, atamke, mpokeaji akubali, na kitu kikabidhiwe mkononi. Vile vinne, kwa jinsi ulivyovieleza, mzee alikuwa mzima, akihadithia mpaka majina ya meli, na alivifunga vidole vyako mwenyewe. Kijembe kimetolewa baadaye, kwa neno lenye shaka, wakati kusahau kunaanza au kumeshaanza. Na mtu akitoa akiwa katika maradhi yatakayomwua, wanazuoni huhesabu kitu hicho kama wasia, hakizidi thuluthi ya mali yake mpaka warithi waridhie. Kusahau si lazima kuwe maradhi ya namna hiyo. Nakutajia tu ujue kwamba kaka hasemi upuuzi mtupu anapouliza akili za baba yake zilikuwa wapi. Anauliza kwa ukali jambo ambalo hata shehe angeliuliza kwa upole.

Na naomba nikuulize jambo, usinune. Una hakika anataka pesa? Umenukuu alisema vitu vya zamani vina bei. Watu wengi wakiumia husema bei, kwa sababu bei inatajika mbele ya watu na wivu hautajiki. Miaka kumi na tisa wewe umekuwa ukikaa barazani jioni unasikia habari za matishari. Yeye alikuwa wapi? Pengine Dar akitafuta maisha, akituma chochote anachopata. Siku anasikia kwamba hadithi zote za baba yake, kisu kwa kisu, zimekwenda kwa seremala wa ng'ambo ya barabara. Jibu lako, kwamba angekuja angepewa yeye, huenda ni kweli, na ndiyo maana limemchoma. Simu ya pili unaweza kuipiga wewe. Unaweza kumwambia kilichotokea bila kujitetea, ukamweleza visu ni vipi na kila kimoja kilitoka wapi, maana inawezekana hajui hata viko vingapi. Anaweza kukukatia simu. Anaweza pia kukuomba kimoja, na hapo utakuwa na kazi ya kuutafuta moyo wako unasemaje, nami siwezi kukutafutia.

Kurudisha vyote kama mkeo anavyotaka, naielewa hofu yake. Anataka alale usingizi. Lakini kumbuka mzee alivyokasirika ulipokikataa cha kwanza. Kama ataamka asubuhi moja akili zikiwa sawa, akaviona visu vyake vinne vimerudi sandukuni, ataelewa nini? Mkalishe mkeo umsomee barua yako uliyoniandikia. Sidhani kama anajua habari ya vidole kufungwa kiganjani.

Tuingie kabatini. Hapa nitasema zaidi kidogo, kwa sababu naona ndipo ulipoficha huzuni yako. Marehemu shangazi yangu alinipa kipini chake cha pua cha dhahabu nikiwa msichana, akaniambia, "Kivae." Nikaogopa kukipoteza, nikakifungia kwenye kijaluba. Alikuja kututembelea mara nyingi, kila akija ananitazama puani. Alifariki hajaniona nacho. Mpaka leo nikikivaa namwona akinitazama.

Kisu cha chuma cha zamani, kile kinachoshika kutu, hakipendi kabati, na hewa ya chumvi ya Tanga inakifuata hata ndani ya kanga. Nguo inavuta unyevu na kuubana juu ya chuma. Vifungue leo. Ile kutu nyekundu ya cha Sheffield ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, taratibu, kwa siku kadhaa, usiguse msasa tena. Ikiisha, kipake mafuta hayo hayo kiasi cha tone, na tone jingine kwenye maungio bapa linapokunjikia. Kitakachokatia chakula kifute kwanza. Mpini wa mfupa wa kijembe usiuingize majini wala kuuanika juani, utapasuka. Na kunoa, wewe una kinoo na umefundishwa na mwalimu. Usimpe mtu wa cherehe, jiwe lile linakula chuma na kukiunguza. Mtoto wa miaka tisa naye anaweza kuanza kujifunza akiwa amekaa kando yako, mkono wako juu ya wake, na visu vikikaa juu asikovifikia mwenyewe.

Sasa lile la Opinel. Weusi ule ulioupiga msasa haukuwa uchafu. Chuma cha namna ile kikikata kitu chenye ukali wa ndimu au chungwa, hubadilika rangi kidogo kidogo, kijivu kwanza, kisha samawati iliyofifia, kisha weusi, na weusi huo wenyewe hukikinga na kutu nyekundu. Ulichokifuta ni machungwa ya Muheza ya miaka sitini. Ndiyo maana mzee alikigeuza geuza mkononi asiseme neno. Sikuambii ili uumie. Ulidhani unakiheshimu kitu chake, ulikifanyia kama fundi anavyomfanyia mteja anayetaka king'ae. Na hakukikataa, alikurudishia.

Kisha akakuuliza, "Unavitumia?" Wewe umeliona swali hilo kama mtihani. Mimi nikilisoma naona mzee anauliza habari za rafiki zake wa zamani, wako wapi, wanafanya kazi gani siku hizi. Ukitaka kulifuta lile "ndiyo", huhitaji hotuba.

Wiki hii ukipita sokoni, tafuta machungwa ya Muheza, yale ya ganda jembamba. Nenda asubuhi, dada akiwepo, maana naye ana haki ya kuwa na asubuhi nzuri na baba yake. Peleka Opinel na kijembe. Kijembe kiweke juu ya mkeka mahali anapokiona, usikisemee. Opinel kikunjue, kaza pete, umkabidhi mzee upande wa mpini pamoja na chungwa moja. Mikono yake ikitetemeka sana mshikie chungwa wewe, na yeye azungushe kisu. Halafu umwambie ulichomficha: kwamba ulikuwa huvitumii, uliogopa, na rangi umeifuta kwa kutojua. Akitaka kusema habari ya kijembe ataisema, na dada atakuwa anasikia kwa masikio yake, si kwa mdomo wako wala wangu. Asiposema, bado mtakuwa mmekula machungwa, na wewe na dada mtakuwa na la kuzungumza mkiwa mnaokota maganda.

Bapa usilioshe papo hapo. Liache na maji ya chungwa kidogo, kisha ulifute. Jioni litazame penye mwanga, utaona limeanza kubadilika rangi karibu na makali.